Waziri Aliyewahi Msibani

Mume wangu alikufa mara mbili, na mara zote mbili Waziri Kuruvila alikosea saa. Mara ya kwanza aliwahi mno, mara ya pili akachelewa. Waandishi wa magazeti wakimtaja huanza na madaraja yake na wizara zake, wanamaliza na chaguzi alizoshinda, na hili la kwangu hawaligusi. Wengine hawalijui. Wanaolijua, wa hapa hapa kanisani kwetu, wangefurahi lisahaulike. Mimi Aleykutty nimeshazeeka, sina wa kumwogopa tena, nitalisema lote.

Kwanza ujue anayekusimulia si mtu wake. Sikuwahi kumpigia kura hata siku moja. Nyumba yetu ni ya chama chekundu tangu Varkey wangu alipokuwa kijana mvuna mpunga, na kidole changu hakijawahi kubonyeza mwavuli, alama ya chama cha Kuruvila. Kwa hiyo nikimsifu, usidhani kuna ninachokitafuta. Namsifu huku roho inaniuma.

Aliingia Bunge la jimbo akiwa wakili kijana, nywele nyeusi tii, kikoi cheupe kimepigwa pasi mpaka unaogopa kumsogelea. Akishaingia, hakutoka. Serikali ziliundwa zikavunjika, wakubwa walikuja wakaenda, na yeye kila ukimtafuta unamkuta ndani: mara waziri wa umwagiliaji, mara wa ujenzi, mara wa fedha, mara wa sheria. Chama chao kilikuwa na ugonjwa wa kupasuka. Varkey alikuwa akisema, "Wale wakiwa wawili wanaunda chama, akija wa tatu kinagawanyika." Na kila kilipogawanyika, Kuruvila alijikuta upande wenye wizara. Kwa hilo tulimcheka sana, na alistahili kuchekwa.

Lakini kazi alikuwa anaifanya, hapo huwezi kumtia doa. Mashamba yetu ya Chempukara yako chini kuliko mto. Bila matuta na pampu, mpunga wote ni chakula cha samaki. Pampu alizileta yeye. Umeme wa kuziendesha akauleta yeye. Hata daraja, ingawa hilo lilikuja kwetu limechelewa. Binti yetu Lilly alikufa kwa homa akiwa na miaka saba, ndani ya mtumbwi, katikati ya mto, tukimkimbiza hospitali ya ng'ambo. Alikuwa mapajani kwangu. Sina zaidi la kusema hapo.

Mkutano wa hadhara uliofuata, Varkey alisimama mbele ya watu wote akamuuliza, "Mheshimiwa, daraja liko wapi?" Watu wa mwavuli wakaanza kumzomea. Kuruvila akawanyamazisha kwa mkono, akamwambia mume wangu, "Nimesikia."

Sasa lazima ujue neno hilo lilikuwa na uzito gani kwetu. Kila asubuhi baraza lake lilijaa watu na shida zao. Akikwambia "ngoja", ungoje kweli, usimsumbue. Akikwambia "nitaangalia", kunja karatasi zako urudi nyumbani, hapo hakuna kitu. Lakini akikwambia "nimesikia", limekwisha, hata kama wakati anasema alikuwa anakuna sikio. Watu walitoka barazani kwake wakiulizana njiani, "Amekwambia lipi?" Na mtu alijibu kwa neno hilo moja tu.

Daraja likaja, miaka kadhaa baadaye, alipopata wizara ya ujenzi. Hakuliita kwa jina lake wala la babake. Varkey naye, kwa ujeuri tu, mwaka mzima akaendelea kuvuka kwa mtumbwi pembeni ya daraja jipya. Kuruvila akipita juu na gari lake jeupe anateremsha kioo, "Komredi, maji yakoje leo?" Na Varkey anamjibu kutoka chini, "Safi kuliko serikali yako." Wawili hao walisoma darasa moja, wakagombana tangu darasa la kwanza. Varkey aligombea kiti dhidi yake mara mbili, na mara zote mbili akaangushwa vibaya. Siku ya pili yake Kuruvila alikuja kunywa kahawa kwetu, akaniita shemeji kama alivyoniita tangu siku ya harusi yangu, na Varkey akamtukana mpaka kikombe kikaisha.

Sasa nije kwenye misiba. Kwetu mwanasiasa anaweza kukosa harusi ukamsamehe, lakini msiba haukosi. Anakuja na shada la maua, anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, anashika mikono ya wafiwa. Kuruvila katika hilo hakuwa na mpinzani. Akiwa waziri wa fedha, ana bajeti ya kusoma kesho yake, aliendesha gari toka mji mkuu kuja kumzika muuza tembo la mnazi. Majivuno yake makubwa yalikuwa kwamba Chempukara hakuna msiba ambao padri aliwahi kufika kabla yake. Kila kitongoji alikuwa na mtu wa kumpigia simu. Kwetu alikuwa Pappachan mwenye duka, mtu mwema lakini mdomo wake unatembea mbele ya macho yake.

Mwaka ule Varkey alikuwa amelazwa na ugonjwa wa mapafu, hatoki tena kitandani. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Kamati ya tawi la chama chekundu ilitaka kukutana, na Varkey akasema haiwezi kukutana bila yeye, kwa hiyo ikutane nyumbani. Nikafunga turubai ya bluu uani kukinga jua, nikaazima viti vya plastiki. Wanaume wakaja, wakakaa kimya, nyuso zimeanguka, kwa sababu makao makuu yalikuwa yametuletea mgombea wa kutoka mjini ambaye hakuna aliyempenda. Mmoja alikuwa ameshika tama. Mwingine anafuta jasho kwa leso, machoni. Na bendera ya chama, ambayo kamba yake ilikuwa imekatika, ilikuwa imening'inia katikati ya mlingoti.

Pappachan akapita na baiskeli. Akaona turubai, viti, wanaume na nyuso zao, bendera nusu mlingoti. Hakuuliza. Akageuza baiskeli, akaenda kupiga simu.

Mimi nilikuwa natoka jikoni na birika la kahawa nikaona gari jeupe linasimama getini. Kuruvila akashuka, akavua viatu, akapokea shada toka kwa dereva. Uso wake ulikuwa tayari. Akaja moja kwa moja kwangu, akaniondolea birika mkononi, akaliweka chini pamoja na shada, akashika mikono yangu yote miwili.

"Shemeji," akasema, sauti imemkauka, "mwenzetu ametutangulia."

Kutoka ndani ikasikika sauti, "Nani ametangulia?"

Wanakamati wote wakamwangalia Waziri. Kuruvila akaniangalia mimi, akaangalia turubai, akaangalia viti, akaelewa. Mwingine angerudi kwenye gari. Yeye alinirudishia birika langu, akaingia ndani na shada lake, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Varkey, nimeletewa habari kwamba umekufa."

"Nani kasema?"

"Pappachan."

"Basi ni uongo. Pappachan hajawahi kusema kweli tangu shule."

"Ndiyo maana nimekuja kuhakikisha."

Varkey akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa Pappachan atakuwa mkweli siku hiyo hiyo. Alipopata pumzi akanyoosha mkono. "Lete nilione." Kuruvila akampa shada. Akaligeuza huku na huku kama anayenunua samaki. "Maua ya njano? Umeniona bibi harusi? Mekundu hukuyapata?"

"Mekundu mnayamaliza nyinyi kwenye mikutano yenu."

"Aleykutty, litundike ukutani. Mheshimiwa asije akaleta jingine, serikali haina kitu." Nikalitundika kwenye msumari, juu ya kalenda. Na likakaa hapo.

Nilimsindikiza Kuruvila mpaka getini, na hapo ndipo nilipomwomba. Sikupanga. Ilinitoka tu.

Varkey kanisani alikuwa ametengwa tangu ujana. Aliwaongoza wavunaji wakagoma kukata mpunga wa shamba la parokia, na parokia haikumsamehe. Naye hakuomba kusamehewa. Mimi misa sikuiacha. Alinisindikiza kila Jumapili hadi getini, akanisubiri nje akivuta sigara ya jani, akanirudisha nyumbani. Waliotengwa kama yeye wakifa hawazikwi makaburini pamoja na wengine. Nyuma ya ukuta kuna mahali panaitwa Shimo la Wahuni. Ndiko wanakotupwa waliojinyonga na maiti zilizookotwa mtoni zisizo na wenyewe. Ili aepuke huko, Varkey alitakiwa amwite padri kitandani, atubu ule mgomo. Nilimjua mume wangu. Angekula godoro kwanza.

Na Lilly yuko ndani ya ukuta. Kaburi lake dogo limeegemea kaburi kubwa la jiwe la ukoo wa Kuruvila, kiasi kwamba kila nikienda kung'oa majani kwa mwanangu nilikuwa naweka kikapu changu juu ya jiwe lao.

"Mheshimiwa," nikamwambia pale getini, "sitaki pampu wala barabara. Nataka Varkey alale karibu na Lilly. Mimi nikifa nitazikwa ndani, nina haki yangu. Usiniache nilale na mtoto peke yangu, baba yake yuko nyuma ya ukuta na wasiojulikana."

Pappachan alikuwa ameshafika, ameshika mlango wa gari, anasikia kila kitu. Kuruvila alitazama chini. Alikuwa na parokia nzima mfukoni, na kura za parokia ndizo zilizokuwa zikimweka Bungeni miaka yote hiyo. Mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

"Nitaangalia," akasema.

Jamani. Ningepigwa kofi lisingeniuma hivyo. Niliingia ndani nikatwanga pilipili ambayo hakuna aliyeihitaji.

Varkey aliniita. "Ulimwomba nini yule?"

"Sikumwomba kitu."

"Kinu kinasema ulimwomba." Nikamwambia. Akaangalia lile shada. "Mimi siliombi kanisa," akasema.

"Wala mimi sikuliomba kanisa. Nimemwomba mtu."

"Amekwambia lipi?"

"Nitaangalia."

Akashusha pumzi. Sikujua kama alifarijika au aliumia. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa umebaki mifupa. "Nisikilize, Aleykutty. Hata akibadilisha mawazo, kura usimpe. Ukimpa, watu watasema Kuruvila alimnunua Varkey akiwa maiti. Niahidi." Nikamwahidi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningeahidi kumchoma moto.

Akafa kweli, wiki ya mwisho ya kampeni, alfajiri, kwa utulivu ambao hakuwahi kuwa nao maishani. Turubai ikarudi uani, safari hii kwa kazi yake. Komredi wakamfunika bendera nyekundu. Pappachan alikuja, akamgusa mguu kwanza ili awe na uhakika, kisha akakimbilia simu.

Padri Mattam akafika mapema. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa: alikuwa mtu mwenye adabu, kijana bado, na kanuni zake alizipenda kuliko chakula. Akanipa pole. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima, kwamba marehemu hakutubu, kwa hiyo mlango wa makaburi umefungwa, ila kule nyuma nafasi ipo na mimi nitaruhusiwa kuweka msalaba mdogo.

Komredi wakachemka. Mmoja akasema, "Dada, tumchukue sisi. Tutamzika uwanja wa chama, kwa heshima zote."

"Uwanja wa chama Lilly hayupo," nikawajibu.

Na macho yote yalikuwa barabarani. Jua lilipanda. Wakaja majirani, wakaja wavunaji wazee, akaja hata mgombea wa mjini tusiyempenda, na shada kubwa kuliko yeye. Kuruvila hakutokea. Chempukara haikuwahi kuona msiba umefika adhuhuri bila yeye. Walianza kunong'ona. "Ana mkutano na wakubwa wa kanisa." "Wiki ya kura hii, nani ataonekana na mwekundu aliyetengwa?" Pappachan, maskini, alikuwa anasimama kila gari linapopita, anakaa tena, hanitazami usoni.

Hapo hasira ikanipanda yote. Nikaingia ndani, nikalitoa lile shada msumarini. Lilikuwa limekauka, maua yamegeuka rangi ya kahawia, utepe bado unasomeka: Rambirambi, Waziri Kuruvila. Nikatoka nalo kwenda kulitia jikoni chini ya sufuria. Nilikuwa uani, katikati ya watu, shada mkononi, gari jeupe liliposimama.

Sikumtambua. Kikoi chake kilikuwa cha tope na chokaa hadi magotini. Shati limeloa jasho. Kucha zake nyeusi. Mtu ambaye ulikuwa unaogopa kumsogelea usimkunje.

"Shemeji," akasema, anahema, "nisamehe nimechelewa. Lile jiwe halijafunguliwa tangu tumzike mama. Imebidi tulivunje kwa mtaimbo, mimi na fundi na dereva."

"Jiwe gani?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia padri, akafunga mikono kwa heshima. "Baba Padri, sikuombi ardhi ya kanisa. Kaburi la ukoo wangu lina nafasi moja wazi. Varkey ataingia humo."

Padri Mattam akasema, "Mheshimiwa, huyu ametengwa."

"Kwenye ardhi ya parokia, ndiyo. Ndani ya kaburi la ukoo, mwenye kaburi ndiye anayesema nani aingie. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa mzee wa kanisa. Wewe ulikuwa hujaingia seminari. Nimekaa siku zote hizi naitafuta njia, leo alfajiri ndiyo nikaikumbuka. Mtu anaandika sheria nyingi, anaweza akasahau moja yenye faida."

"Lakini ni kaburi la ukoo. Marehemu si ndugu yako."

"Mke wake namwita shemeji tangu siku ya harusi yao, mbele ya parokia nzima. Ulidhani natania?"

Mzee mmoja pembeni akaguna kucheka, akajizuia. Padri hakucheka. "Nafasi hiyo iliyobaki ni yako, Mheshimiwa."

"Ilikuwa yangu."

"Jumapili nitasimama madhabahuni. Nitalazimika kulisema hili. Na uchaguzi ni Jumatano."

"Sema, Baba Padri. Ndiyo kazi yako, sikuzuii. Ya kwangu nimeimaliza asubuhi."

Kisha akanigeukia, akaona nilichoshika. "Shemeji, hilo ni lile langu?"

"Ni lenyewe," nikasema. Nikaliweka juu ya bendera nyekundu, juu ya kifua cha mume wangu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa niliyomfikiria, maneno yakagoma, basi nikamwambia tu, "Umechafua kikoi."

"Wewe utanifulia?"

"Sikufulii."

Tulimzika bila kengele na bila padri. Kuruvila alishika pembe moja ya jeneza, komredi watatu pembe zilizobaki, na komredi hao walikuwa hawajakanyaga makaburi yale tangu ujana wao. Bendera nyekundu ikaingia naye ndani. Mtu mmoja wa mwavuli alisogea kuiondoa, Kuruvila akamwangalia, akarudi alikotoka. Jeneza lilipokaa mahali pake, Kuruvila akasali Baba Yetu kwa sauti ndogo, na mimi nikamfuata. Komredi hawakusali, lakini walivua kofia. Ukuta wa jiwe mmoja tu ulitenganisha kichwa cha Varkey na miguu ya Lilly. Nilikaa pale katikati yao jua likanichoma, na moyo wangu ukatulia. Ulikuwa haujatulia tangu kwenye mtumbwi.

Jumapili padri akasimama, akalisema. Hakumtaja kwa jina, hakuhitaji. Jumatano tukapiga kura.

Niliingia kwenye kile kibanda na wino kidoleni. Mwavuli ulikuwa pale, juu kabisa. Nakwambia kweli, niliuangalia. Niliuangalia mpaka msimamizi akakohoa. Kidole kilitaka. Kisha nikamsikia Varkey na ile mifupa yake mkononi mwangu, nikabonyeza chama changu, nikatoka nje nikilia, na watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba.

Kuruvila akaanguka. Mara ya kwanza katika maisha yake, na kwa kura chache. Aliyeshinda ni yule wetu wa mjini. Komredi walipiga fataki, lakini walipofika karibu na nyumba yake walizizima, wakapita kimya. Hakuna aliyewaamrisha.

Siku ya arobaini ya Varkey nilipika muhogo na mchuzi mwekundu wa samaki. Kuruvila akaja, bila dereva, bila gari lenye taa juu, kwa mguu kupitia daraja lake mwenyewe. Alikaa chini kwenye mkeka na wavunaji. Nilipomletea sahani ya pili akaniangalia usoni.

"Shemeji, zilizoniangusha ni chache. Ya kwako imo?"

"Imo," nikasema. "Nilimwahidi."

Akatikisa kichwa polepole, kisha nikaona mabega yake yanacheka. "Vizuri. Ungenipa, ningekuwa na kesi na Varkey. Na siku moja nitalala naye chumba kimoja." Akaanza sahani ya pili, akaimaliza, akaomba mchuzi tena. Nimelisha watu wengi nyumbani kwangu. Sijawahi kumlisha mtu kwa furaha kama siku ile.

Mwaka uliofuata tuta la kusini likapasuka, mto ukaingia mashambani, na mbunge wetu wa mjini akawa hapatikani hata kwa simu. Aliyekuwa kwenye tope hadi kifuani akipokezana mifuko ya mchanga na wavunaji ni yule mzee tuliyemwangusha, asiye na cheo wala mshahara. Padri Mattam naye alikuwa kwenye mstari ule ule, nampa haki yake. Uchaguzi ulipokuja, Kuruvila akarudi Bungeni kwa kura ambazo hajawahi kupata, bila yangu. Wakampa tena umwagiliaji. Alifia kazini, kwenye gari, akirudi kutoka msibani kwa watu.

Msiba wa kwake niliuwahi mimi. Nilifika kabla ya padri, kabla ya ndugu wa mbali, nina shada la maua mekundu nililolifunga kwa mkono wangu. Walitaka kuniweka nyuma, mkewe akasema, "Huyo ni shemeji yetu, akae mbele." Lile jiwe likafunguliwa tena. Mifupa ya Varkey ilikuwa imeshashushwa kwenye kisima cha mifupa chini ya kaburi, kama ya wote wa ukoo inavyoshushwa nafasi ikihitajika, na Kuruvila akalazwa juu yake.

Kwa sababu alikuwa waziri, jimbo lilimzika kwa heshima zake zote. Wakaja wakubwa wa serikali. Wakaja polisi wenye bunduki, viatu vinang'aa, wakajipanga mbele ya kaburi. Polisi wale wale waliomvunja Varkey wangu mbavu kwenye mgomo, wakamtia ndani sijui mara ngapi. Ofisa akatoa amri. Wakasimama wima, wakainua mikono, tarumbeta ikalia, bunduki zikapigwa hewani mpaka kunguru wote wakaruka kutoka kwenye paa la kanisa.

Mimi nilianza kucheka. Nilijifunika ushungi, mke wa mkubwa mmoja akanishika bega akidhani nalia, na alikuwa hajakosea. Nikaweka mkono kwenye lile kaburi dogo pembeni. Nikasema kimoyomoyo, Lilly, amka mwanangu, uone baba yako anavyopigiwa saluti.